Mara Nne

"Mara nne," alisema mwalimu wa hesabu. "Nimerekodi mechi yote, nimeisikiliza mara mbili, nimehesabu kwa kalamu. Ndani ya dakika tisini, huyu namba sita wetu umemtaja mara nne. Kipa umemtaja mara kumi na tisa. Hata mwamuzi, ambaye hatakiwi kugusa mpira, umemtaja mara kumi na moja. Sasa naomba kuuliza, ndugu mtangazaji. Mtu wa namna hiyo anatafuta nini kwenye timu ya taifa?"

Upande wa pili wa kioo, fundi mitambo aliinua vidole vinne, akajishika tumbo kwa kicheko. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, kipindi cha wasikilizaji kupiga simu. Mimi nilikuwa nimeshuka kwenye ndege asubuhi ile ile, kutoka ugenini tulikotoka sare ya bila kufungana. Begi langu la safari lilikuwa bado miguuni pangu, chini ya meza.

"Wewe ulikuwa pale," aliendelea mwalimu, kwa upole kabisa, kama anayemsaidia mwanafunzi aliyekwama ubaoni. "Tuambie basi. Alifanya nini?"

Ni miaka tisa sasa, na swali hilo bado linanipandisha damu kichwani. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu ya kujaza kipindi kizima na taarifa ya habari iliyofuata. Badala yake nilivuta kipaza sauti, nikasema neno moja.

"Alikuwepo."

Neno hilo lina sura mbili. Unaweza kulisema kwa heshima, kama mtu aliyeuguliwa anavyokukumbuka kwamba siku ile ulikuwepo, na unaweza kulisema huku umepandisha bega, kwamba mtu alijaza nafasi tu. Mimi nililisema kwa uchovu, na redio haioneshi sura ya msemaji. Fundi mitambo alicheka huku kidole chake kimesahaulika kwenye kitufe, kicheko kikaenda hewani, na nchi nzima ikacheka naye.

Namba sita huyo alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Mwaka wa kwanza alipoitwa timu ya taifa nilimtaja kama ninavyomtaja mchezaji yeyote, na wiki hiyo hiyo msikilizaji mmoja akapiga simu kusema redio imegeuka ya ukoo, mtangazaji anampigia debe shemeji yake. Mkuu wa vipindi aliniita ofisini. Hakunigombeza. Alinimiminia chai, akaniambia, "Mdomo wako ni mali ya wasikilizaji." Tangu siku hiyo nikawa nalikwepa jina la shemeji. Akinyang'anya mpira, nilisema "wamenyang'anya". Akitoa pasi, nilisema "mpira unakwenda kulia". Nilifanya hivyo miaka sita, na ujinga huo nikauita haki.

Lakini sitabeba lawama zote peke yangu, maana wengine nao wana migongo. Hata kama ningekuwa simjui yule bwana kwa sura, nisingemtaja sana. Mzee aliyenifundisha kutangaza alikuwa na amri moja tu: fuata mpira. Msikilizaji ana masikio, hana macho, kwa hiyo mpira ukiwa kushoto, mdomo wako uwe kushoto. Na kazi ya shemeji ilikuwa kuhakikisha mpira hauendi alipo.

Nitaeleza taratibu, kwa sababu wakati ule hakuna aliyekuwa na subira ya kuelezwa. Wapinzani wetu walikuwa na namba kumi ambaye bara zima lilimwogopa. Alipenda kupokea mpira kwenye kile kijieneo kati ya viungo wetu na mabeki wetu. Akishapokea hapo na kugeuka, mmekwisha. Mechi nzima shemeji alisimama kwenye njia ya pasi hiyo. Hakumkimbilia mtu, hakumrukia mtu miguu. Alisogea hatua mbili huku, hatua moja kule, na kila mpigapasi wao alipoinua kichwa aliona njia imezibwa, akaurudisha mpira nyuma kwa beki. Na mimi, kule juu kwenye kibanda cha watangazaji, nilikuwa nasema nini? "Wanarudisha nyuma. Hawana haraka leo."

Hawana haraka. Watu wamezibiwa njia, mimi nawatangaza kwamba wamependa kupumzika. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba namba kumi yao aliamka vibaya. Mtu mmoja alifanya kazi ya kumzima mchezaji bora wa bara zima, na sifa ikapewa usingizi.

Jioni ya Jumamosi ile niliomba rekodi ya mechi, nikaisikiliza. Mwalimu hakukosea hata moja. Mara ya kwanza nilimtaja nikisoma majina ya kikosi. Ya pili, mpira wa kurusha. Ya tatu, kadi ya njano. Ya nne, alipotolewa dakika ya themanini na nane akichechemea. Na katika dakika zilizobaki baada ya yeye kutoka, namba kumi alipokea mpira mara tatu, akageuka mara tatu, na shuti la mwisho likagonga mwamba. Nilijisikia mwenyewe nikipiga mayowe kwenye rekodi. Hakuna mtu, wala mimi, aliyejiuliza kwa nini huyo aliyeamka vibaya alizinduka dakika ile.

Kutoka studio nilikwenda nyumbani kwao. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, bado amevaa sare. Ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Kazi yake, miongoni mwa nyingine, ni kuhesabu vitambaa vinavyoingia mwilini mwa mgonjwa na kuhesabu vinavyotoka, na daktari hashoni mpaka yeye aseme hesabu imetimia. Hakunikaribisha kiti. Alichomoa karatasi ya kalenda ya mwezi uliopita, akaigeuza mgongo, akaniwekea mezani. Ilikuwa imejaa vijiti vya kalamu, vitano vitano.

"Thelathini na moja," alisema. "Mara thelathini na moja wametaka kumpa namba kumi mpira, wakamwona mume wangu, wakageuza. Na hizo ni zile nilizoziona kwenye televisheni, ambayo nayo inakimbiza mpira kama wewe. Sasa niambie, kaka. Yule mwalimu wenu amehesabu nini?"

"Amehesabu nilivyomtaja."

"Amehesabu mdomo wako."

Alinipa vidonge vyangu nikiwa nimesimama, na nilivimeza vyote. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kochi, mguu umezama ndani ya beseni la maji ya barafu hadi juu ya kifundo. Alikuwa mtu mkimya, mwenye mwendo wa taratibu hata akienda kufungua mlango. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na tatu. Mechi ya marudiano ilikuwa wiki mbili mbele, kwetu nyumbani, na mshindi ndiye angekwenda fainali za bara. Hakuwahi kucheza fainali hizo. Kama si safari hii, basi tena, na sisi watatu mle sebuleni tulilijua hilo.

"Mwache kaka yako akae," alimwambia mkewe. Kisha akanigeukia mimi. "Mpira haukupita, shemeji. Si ndicho tulichotumwa?"

Nilimwambia kwamba Jumamosi inayofuata nitaeleza kila kitu redioni. Akasema nisihangaike, watu watasahau.

Hawakusahau. Kufikia Jumatatu jina lake lilikuwa Mara Nne. Vinyozi walilitumia, makonda wa mabasi walilitumia, na mtu mvivu kazini akaanza kuitwa Mara Nne na wenzake. Kuna watu wana damu ya kunguni, wanachukiwa bila sababu ya maana, lakini huyu alitafutiwa sababu na ikapatikana yenye tarakimu, na ukishampa mpenzi wa mpira tarakimu, humwambii kitu. Jumatano niliingia uwanja wa mazoezi, milango ilikuwa wazi kwa mashabiki. Kila shemeji alipogusa mpira, jukwaa zima lilihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Alipougusa mara ya tano walimwimbia, "Imetosha, kapumzike." Watu wazima na akili zao, wenye ndevu, wenye wake. Niliona mwingine amembeba mtoto mabegani ili naye ajifunze kuhesabu.

Jumamosi nilieleza. Nilieleza dakika ishirini, na niliposhusha pumzi, simu ya kwanza ikauliza kama ni kweli namba sita ameoa kwetu.

Kocha alimwita shemeji siku mbili kabla ya mechi, kwenye maegesho ya magari. Hakumwita ofisini, wala mbele ya wenzake. Alimwambia, "Wewe na mimi tunajua unachofanya. Lakini siwezi kwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza watu." Shemeji alinisimulia maneno hayo bila kuongeza chumvi. Mpaka leo siwezi kuyakumbuka bila kukunja ngumi. Mtu amepewa timu ya taifa aifundishe, anaikabidhi kwa jukwaa kwa sababu anaona uvivu kueleza.

Nafasi yake ilipewa kiungo mwingine, dogo mmoja mwenye miguu mizuri, kipenzi cha watu. Simsemi vibaya. Alitumwa kazi isiyokuwa yake, na alikuwa na miaka ishirini na moja. Alifanya alichokijua, alifuata mpira. Ulipokuwa kulia alikuwa kulia, ulipokuwa kushoto alikuwa kushoto, na mimi, ambaye amri yangu ni hiyo hiyo, nilimtaja mara kumi na nne kabla ya dakika ya ishirini. Uwanja ulikuwa unaimba. Nyuma yake paliachwa wazi kabisa, ungeweza kuanika nguo za nyumba nzima.

Dakika ya ishirini na tatu namba kumi alipokea mpira pale pale, akageuka, akafunga.

Sikupanga nilichofanya. Nilitangaza bao, kama inavyotakiwa, halafu nikalitaja jina la shemeji. Nilitaja lake na la baba yake. Nikasema hapa ndipo anaposimama siku zote, hapa hapa mpira ulipopita. Sauti yangu ilikuwa imepanda, na sikuishusha. Kuanzia hapo, kila mpira ulipopenya eneo lile nilimtaja. Shambulizi jingine, jina lake. Namba kumi amegeuka tena, jina lake. Fundi mitambo alininong'oneza kwenye vifaa vya masikioni, "Kaka, huyo yuko benchi." Nilijua yuko benchi. Nilikuwa namwona, amekaa mwisho kabisa, ameegemeza viwiko magotini, anamwonesha kwa mkono ule uwazi msaidizi wa kocha ambaye hakuwa anamwangalia. Dakika ya sabini na moja likaingia la pili, kwa njia ile ile, na nikalitaja jina lake mara tatu kwa pumzi moja. Miaka sita ya kulimeza ilinitoka yote alasiri ile.

Mechi iliisha mawili kwa bila. Fainali tukazikosa sote, na yeye akazikosa kwa maisha yake yote. Nilishuka kutoka kibandani nimeridhika, Mungu anisamehe. Niliona angalau safari hii nimesema.

Jumamosi iliyofuata simu ya kwanza ilikuwa ya mwalimu wa hesabu.

"Safari hii nimehesabu mara ishirini na saba," alisema. Sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, si kejeli. "Mara ishirini na saba, na karibu zote ni wakati tunashambuliwa. Mabao yote mawili yamepita kwake. Ndugu mtangazaji, sasa umejionea mwenyewe."

Nilidhani ananitania. "Mwalimu, hakucheza."

"Nani?"

"Namba sita. Alikuwa benchi dakika zote tisini. Hakucheza."

Fundi mitambo aliniangalia kupitia kioo, na safari hii hakucheka.

"Lakini nimemsikia," alisema mwalimu.

"Nilimtaja kwa sababu hakuwepo uwanjani."

"Ndugu yangu," alisema, na upole ule ule ukamrudia, "mtu hatajwi kwa kutokuwepo."

Nilipiga ngumi mezani. Maikrofoni ikapokea, wasikilizaji wakasikia. Nikaeleza upya, nikasoma kikosi kilichoanza, nikataja walioingia na waliotoka. Simu zilizofuata zilikuwa nne, na zote zilisema jambo moja, kwamba shemeji mtu anamfichia shemeji mtu. Jumatatu mkuu wa vipindi alinimiminia chai tena. Nikapelekwa kusoma utabiri wa hali ya hewa, na miezi minane niliyoikaa huko nilitangaza mvua na jua bila kupendelea upande wowote.

Unaweza kudhani waliotazama kwa macho yao waliwasahihisha wengine. Mwanzoni walijaribu. Lakini mechi ile ilisikilizwa zaidi kuliko ilivyotazamwa, kwenye karakana, jikoni, kwenye magari, na watu wanaosikiliza huku mikono ina kazi hushika jina na kelele zinazolizunguka, basi. Wengi walishika jina la shemeji na kelele za mabao. Mwaka mmoja haujaisha, nikaanza kukutana na waliokuwa jukwaani siku ile, wananiapia kwamba walimwona akipitwa. Mmoja alinionesha kwa miguu yake jinsi alivyopigwa chenga. Nilimwambia aliyepigwa chenga ile ni mwingine, na akanihurumia kama mtu anayepoteza kumbukumbu.

Shemeji hakuitwa tena timu ya taifa. Alicheza misimu miwili klabuni, akastaafu, akapata kazi ya udereva wa gari la wagonjwa kwenye hospitali anayofanya kazi mkewe. Madereva wenzake walimwita Mara Nne mwezi wa kwanza, halafu wakaacha. Nadhani walimwona akiendesha.

Mwaka jana leseni yake ilikaribia kuisha muda, nikampeleka kuihuisha. Foleni ilikuwa ndefu, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kwa kulalamika. Zamu yake ilipofika, karani alisoma jina kwenye fomu, akainua macho, akalisoma tena.

"Si ndiye wewe?" aliuliza. "Wa siku ile ya mawili bila?"

"Ndiye mimi," alisema shemeji.

"Bwana wee, ulituua. Mzee wangu alikuwa na presha, tulizima redio tukimwogopea."

Nilikuwa nyuma yake hatua moja. Nilifungua mdomo. Lakini shemeji alikwishaanza kusema.

"Samahani sana, ndugu yangu," alisema. "Siku ile mambo yalitukataa."

Karani akatabasamu, akagonga muhuri kwenye fomu, moja, mbili, kwa ukarimu mkubwa. "Yameshapita," alisema. "Binadamu hukosea. Mimi nimekusamehe."

Nimekusamehe. Alisamehewa, mbele yangu, kosa la mechi ambayo hakuikanyaga, na akasema asante. Nilimshika mkono nikamtoa nje mpaka kwenye gari.

"Kwa nini?" nilimwuliza. "Kwa nini usimwambie? Maneno mawili tu, sikucheza. Hata karatasi ya mechi ipo. Mimi nimefukuzwa kwenye mpira nikilisema hilo, mke wako amegombana na nusu ya hospitali akilisema hilo, halafu wewe unaomba radhi?"

Aliikunja risiti ya leseni mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati.

"Nikimwambia sikucheza, atauliza alicheza nani," alisema. "Yule dogo ana duka la viatu mtaa wa pili kutoka hapa. Ukiingia pale hata kalenda ya mpira huikuti ukutani. Mwanawe anasoma darasa moja na wa kwangu. Wakinikuta mimi hapa, shemeji, hawafiki kwake."

Nilimsikia, na hasira yangu ikazidi. Kwamba mtu huyu ndiye waliyemhesabia. Nilimwambia akae kwenye gari anisubiri, narudi ndani kwa yule karani, dakika moja tu, na nitamweleza mbele ya foleni nzima nani alicheza na nani hakucheza na nani aliwaharibia. Nikageuka kuelekea mlangoni.

Hakunishika wala hakuinua sauti. Alisogea hatua moja na nusu, bila haraka, akasimama kati yangu na mlango. Nilitazama kushoto kwake, nikatazama kulia. Kulikuwa na nafasi ya kutosha kupita, pande zote mbili. Nikarudi kwenye gari.